Sakafu ya Bwawa la Mzee Tingey

Fidencio Bojorquez alitumia miaka ishirini na miwili akiwa amepiga magoti ndani ya mabwawa ya kuogelea ya watu wengine, na mwenyewe hakujua kuogelea. Ukimwuliza, alikuwa anakujibu, "Yakijaa maji mimi nimeshaondoka."

Mimi naitwa Tiburcio, ila kazini wananiita Bucho. Nilifanya kazi naye miaka kumi na moja hapa Mesa, mji wa jangwani, mimi nikishika mpira unaomwaga plasta, yeye akishika mwiko. Nilimsimamia binti yake ubatizoni, ndiyo maana tukawa tunaitana kumpadre. Kwa hiyo mengi ninayoyasema hapa siyasemi kwa kusikia.

Watu wanadhani kujenga bwawa ndiyo kazi. Kazi ni kulifufua. Plasta ya bwawa ikikaa miaka kumi na mitano chini ya jua la kwetu inakwaruza kama msasa, inaota madoa, watoto wanatoka majini nyayo zinavuja damu. Hapo tunaitwa. Tunayatoa maji yote, tunabomoa plasta kuukuu kwa nyundo za upepo, tunaosha kwa asidi, kisha siku moja tunapaka mpya: saruji nyeupe na unga wa marumaru. Siku hiyo hakuna kusimama. Mwezi wa saba plasta inashika kabla hujamaliza kumtukana aliyeichanganya. Ukiiacha kidogo, alama inabaki hapo mpaka mwenye nyumba afe.

Fidencio ndiye alikuwa hodari wetu wa kumalizia. Upande wa kina, chini kabisa, pale joto linapotuama kama kwenye chungu, palikuwa pake. Alivaa viatu vyenye misumari mirefu ili asizame, akawa anarudi kinyumenyume akifuta alama zake mwenyewe, na alipotoka ungeapa hakuna mtu aliyewahi kukanyaga humo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nyumbani alikuwa na mkewe Eduviges na binti mmoja. Mama yake, Bi Trinidad, alibaki Pitiquito, kule Sonora, ng'ambo ya mpaka, na Fidencio hakuwa amemwona tangu avuke, maana hakuwa na karatasi za kuishi huku, na angekwenda asingerudi.

Nabor, mdogo wake, alimfuata baadaye. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na mdomo wake haukuwa na breki. Akishuka bwawani anajigeuza mtangazaji wa redio. "Habari za saa mbili kutoka shimoni! Fundi Bojorquez mkubwa amekasirika tena, wananchi mnaombwa kukaa mbali!" Tulicheka mpaka mpira unanitetemeka mikononi. Alikuwa amekunywa sana zamani, kisha akaacha, mwaka wa sita ulikuwa unakwisha hajagusa hata bia ya kuoshea koo. Usiyasahau hayo ya pombe, yatatajwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwezi wa saba, nyumbani kwa mzee mmoja anayeitwa Alvah Tingey. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mjane. Alipokuwa kijana alikwenda kuhubiri dini yake Chihuahua, kulekule ng'ambo, kwa hiyo Kihispania alikijua, ila cha kanisani. Alikuwa anatuamkia kana kwamba anasoma waraka. Nabor alimpenda. "Mzee akisema 'karibuni maji' mimi nasikia kama nabatizwa."

Tulitakiwa kuanza saa kumi na moja alfajiri. Lori la kuchanganyia likaharibika njiani. Lilipofika ilikuwa imekaribia saa tatu, na ukuta wa bwawa ulikuwa umeshaanza kuchoma. Nyapara wetu, Chalo Encinas, alisimama ukingoni akizungusha funguo kidoleni.

"Fide, unasemaje? Tumwage au tuwaambie warudi na mzigo wao?"

Hapo nataka nieleze vizuri. Chalo ndiye alikuwa nyapara, lakini kwenye mambo ya plasta neno la mwisho lilikuwa la Fidencio. Angesema hapana, tungekwenda nyumbani.

Nabor akadakia. "Tumwage leo tukiwa wabichi. Kesho tutakuwa tumeiva."

Fidencio akainama, akaweka kiganja ukutani, akahesabu kitu kichwani. "Tumwage," akasema. "Tutakimbia."

Turubai la kivuli lilikuwa limekunjwa juu ya pikapu. Kulifunga kunachukua nusu saa. Hakuna aliyelitaja.

Tukakimbia kweli. Kufikia saa tano nilikuwa nimemaliza kumwaga, nikapanda juu kuosha mpira kando ya lori. Kule chini walibaki wanne: wawili upande wa kina kifupi, Fidencio na Nabor upande wa kina kirefu. Kipimajoto cha mzee kwenye ukuta wa baraza kilisoma nyuzi arobaini na sita, kivulini. Ndani ya lile bakuli jeupe sijui ilikuwa ngapi. Mwangaza unakupiga kutoka juu, kutoka chini, kutoka pembeni, hadi ndani ya pua. Mzee Tingey alileta ndoo ya maji na barafu akaiweka ukingoni. Lakini wa chini kuyafikia ni lazima wapande, na plasta ikishaanza kushika hakuna anayepanda.

Nabor alikuwa anatangaza kama kawaida. Kisha nikamsikia anasema, "Nani amemfunga punda hapa? Mfungueni, ana kiu."

Tukacheka. Chalo akamjibu kutoka juu, "Punda ni wewe, fanya kazi!"

"Baba," Nabor akasema, akimtazama Fidencio, "maboga nimeshayavuna yote. Niende nyumbani?"

Baba yao alikufa Nabor akiwa na miaka tisa. Tukacheka tena. Hata Fidencio alitabasamu bila kuinua kichwa. Unaona jinsi ilivyo: mtu mwingine yeyote akisema maneno kama hayo, ungetupa mwiko ukamkimbilia. Lakini huyu alikuwa Nabor.

Akakaa chini. Akakaa kwenye plasta mbichi, jambo ambalo fundi hafanyi hata akivunjika mguu. Fidencio akamwona. "Inuka, mvivu, unaniharibia." Nabor hakujibu. Fidencio akarudi kwenye mwiko wake, kwa sababu pale chini kwenye tundu la kutolea maji plasta ilikuwa inamkimbia, akalifuata lile eneo, akalizunguka, akalilainisha. Mimi nilikuwa juu, nimesogea hadi ukingoni, mpira mkononi, naona. Nilimwona Nabor amekaa. Nikamwona analala kwa ubavu, shavu kwenye plasta, taratibu, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chini ya sakafu. Nilidhani anaigiza. Nilingoja aseme kitu cha kuchekesha.

Zilipita kama dakika ishirini tangu akae. Fidencio alipogeuka na kumgusa, ngozi ilikuwa kavu kama karatasi na moto kama sufuria. Akapiga yowe ambalo sijapata kulisikia tena. Mzee Tingey ndiye aliyepiga simu. Sisi tulimmwagia ile ndoo ya barafu, tukamwita, tukampiga makofi, macho yake yalikuwa wazi lakini yeye hakuwepo.

Watu wa zimamoto, ambao huku ndio huwahi kwa wagonjwa, walifika upesi, wanne, mabuti hadi magotini, machela mkononi. Wakashuka kwa kukimbia upande wa kina kifupi. Mabuti yalizama, yakachimba, yakateleza, plasta ikaruka vipande vipande. Na hapo Fidencio, mdogo wake amemlaza mapajani, akainua mkono akapaza sauti:

"Pembeni! Piteni pembeni jamani, sakafu bado mbichi!"

Kihispania kile hakuna hata mmoja wao aliyekijua, nadhani. Walipita katikati, wakambeba, wakaondoka. Lakini sisi tulisikia. Tulikuwa watu watano pale na mzee wa sita, na sote tulisikia. Fidencio mwenyewe alijisikia. Nilimwona uso ulivyomshuka. Mkono bado uko juu.

Nabor alikufa hospitali siku ya tatu, mchana, bila kuzinduka. Shavu la kushoto lilikuwa limeunguzwa na saruji, na waliomwandaa walimgeuzia upande huo ndani.

Tulichanga, mwili ukapelekwa Pitiquito. Fidencio hakwenda. Aliusindikiza hadi uani kwa watu wa mazishi, akaweka kiganja ubavuni mwa gari kama alivyoweka kwenye ukuta wa bwawa, likaondoka. Siku ya maziko tulikuwa sebuleni kwake, Eduviges ameweka simu mezani tusikie kengele na sala. Baada ya kuzika, Bi Trinidad akaomba kusema na mwanawe.

"Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye, mama. Hatua nne hivi."

"Alisema nini?"

"Alidhani mimi ni baba. Aliomba ruhusa aende nyumbani."

"Ukamjibu nini?"

Eduviges alimtikisia kichwa, asiseme. Fidencio akasema. Akamwambia yote: kwamba alimwita mvivu, kwamba alimwona amekaa akaendelea na kazi, kwamba watu wa zimamoto walipokuja yeye aliililia sakafu. Alisema kwa sauti ile ile anayoitumia kutaja mifuko ya saruji. Kule upande wa pili tukasikia kuku na mtu anaburuta kiti.

"Wewe ndiye mkubwa," mama akasema. Kisha akampa simu dada yao, na kutoka siku hiyo kila Fidencio alipopiga aliambiwa mama amelala.

Baada ya wiki mbili akaja mkaguzi wa usalama kazini, mwanamke mpole mwenye daftari. Siku moja kabla, Chalo alitukusanya nyuma ya ghala.

"Sikilizeni. Turubai lilifungwa. Maji yalikuwa chini. Na marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa amekunywa toka jana yake. Tumeelewana?"

"Nabor hakuwa anakunywa," nikasema.

"Bucho, wewe una karatasi?"

Sikuwa nazo.

"Basi alikunywa."

Mkaguzi alituita mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika niliketi mbele yake, nikasema nilikuwa nyuma ya lori naosha mpira, sikuona chochote. Sikusema alikunywa. Hilo nilijiambia ni ushujaa. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika kwamba sikuona, na mara mbili nikasema nina uhakika.

Fidencio aliingia akakaa saa nzima; aliyoyasema nilikuja kuyasikia kwa Eduviges. Alitaja turubai lilipokuwa. Alitaja ndoo ilipokuwa na saa lori lilipofika. Aliposema Nabor hajagusa pombe miaka sita, alimpa mkaguzi namba ya kikundi cha walioacha pombe alichokuwa anahudhuria mdogo wake, waulizwe. Na mwisho, hakuna aliyemwuliza, akasema yeye ndiye aliyeamua plasta imwagwe, na kwamba alimwona mdogo wake ameketi. Akamwomba aandike hivyo. Akataja jina lake kamili, la baba na la mama, na mtaa anaokaa.

Eduviges alikaa mwezi mzima na mikoba miwili mlangoni, akingoja wa uhamiaji waje. Hawakuja. Kampuni iliadhibiwa kidogo, ikafunga mlango mmoja ikafungua mwingine wenye jina jipya, Chalo yule yule na pikapu ile ile. Fidencio hakuchukuliwa kazini. Vijana wengine walimchukia. Walisema aliwakosesha kazi wiki tatu kwa ajili ya mtu ambaye hatarudi. Nilikuwepo waliposema. Hapo pia nilinyamaza.

Bwawa la Mzee Tingey lilikaa tupu hadi mwezi wa kumi na moja. Lilikuwa halijajazwa siku ile, na plasta isiyopata maji inakufa. Ikapasuka kama matope ya mtoni. Kampuni mpya ilijitolea kutuma watu. Mzee akawakatalia. Akamtafuta Fidencio kwa simu, kisha kwa miguu, akamkuta kwake anachuma ndimu.

"Ndugu Bojorquez," alimwambia kwa kile Kihispania chake, "nimekuja kukuuliza, sikuja kukuagiza. Naweza kulifukia kwa udongo nikapanda mti. Naweza kuliacha. Ama unaweza kuniambia ni nani alitengeneze. Lolote utakalosema nitalifanya."

"Nitalitengeneza mimi."

"Si lazima uwe wewe."

"Mzee, najua si lazima."

Akanipigia simu. Nilikuwa bado kwa Chalo. Niliomba ruhusa ya ugonjwa nikaenda. Tulikuwa wawili tu, na nyundo za upepo za kukodi. Asubuhi ilikuwa ya baridi, jasho halitoki. Tuliposhuka tuliyakuta yote yapo yameganda: nyayo za mabuti zilizotelemka na nyayo zilizopanda, alama ya machela ilipowekwa chini, na chini kabisa, kando ya tundu la maji, bonde la bega na la nyonga, na bonde dogo la duara la shavu. Ndevu zilikuwa zimechora mistari humo. Alikuwa hajanyoa siku ile.

Nilimwambia, "Kumpadre, hapa niachie mimi. Wewe anza huko juu."

"Anza wewe huko juu."

Nikaenda. Nilibomoa upande wangu nikiwa nimempa mgongo. Nyundo yake ilinyamaza muda mrefu. Nilipotazama, alikuwa amevua glovu, amelala ubavu sakafuni, ameweka shavu lake kwenye lile bonde. Sikusogea. Mzee Tingey alikuwa kwenye baraza na kikombe chake. Akageuka akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Kisha Fidencio akainuka, akavaa barakoa, akashika nyundo, akabomoa. Hakubakiza kipande. Vifusi vya pale alivipakia mwenyewe, ndoo kwa ndoo, akavimwaga pamoja na vingine kwenye lori la taka.

Plasta mpya tulipaka baada ya siku tano na mafundi wawili aliowatafuta mwenyewe. Turubai lilifungwa kwanza, ingawa mwezi wa kumi na moja hakuna anayelihitaji. Upande wa kina alimpa mwingine. Nilifikiri anapumzika, lakini tangu siku ile sijamwona tena na mwiko kule chini. Anapaka kina kifupi na ngazi, basi. Mtu anayejua kazi akiangalia mabwawa yake ya sasa ataona: kule chini ni mkono wa mtu mwingine, na si mzuri hivyo.

Alipomaliza akafungua bomba la mzee. Bwawa likianza kujazwa halisimamishwi, maji yakisimama yanachora mstari ukutani, kwa hiyo ilikuwa siku moja na nusu. Alikaa kwenye kiti akiyaangalia yanavyopanda. Eduviges alimletea machaca, nyama kavu iliyopondwa, imefungwa ndani ya mkate mwembamba wa tortilla, akala nusu. Mzee akamletea blanketi.

Sasa ana kundi lake dogo, na mimi nipo humo, nilimwacha Chalo mwaka uliofuata. Si kundi linalopendwa. Kiangazi anasimamisha kazi saa nne, plasta ishike au isishike, na amekwisha kupoteza wateja kwa hilo. Kila nusu saa anapita kwa kila mtu na kumwuliza jina la mama yake, na lazima umjibu huku unamtazama machoni. Vijana wanamkejeli. Mmoja alimjibu "Malkia wa Uingereza", na Fidencio akamtoa nje ya bwawa kwa kola ya shati, akamketisha kivulini saa nzima na kitambaa cha maji kichwani, na yule kijana analalamika kwamba alikuwa anatania.

Bi Trinidad alikufa mwaka jana, mwezi wa sita. Hakuwahi kuishika tena simu.

Wiki ile ya msiba tulikuwa tunabomoa bwawa moja mjini Gilbert, mimi na yeye peke yetu upande wa kina kifupi. Nikazima nyundo. Nikamwambia niliyokuwa sijamwambia kwa miaka minne: kwamba sikuwa nyuma ya lori, kwamba nilimwona Nabor anakaa na nilimwona analala, na kwamba nilimwambia mkaguzi sikuona.

Alikuwa amepiga magoti, anakwangua chini ya vigae. Hakuinua kichwa.

"Najua, Bucho. Mpira ulikuwa mkononi mwako, na kivuli chako kilikuwa kimeanguka juu yake. Kilikuwa ndicho kivuli pekee alichopata."

Akaendelea kukwangua. Nilisubiri aseme lingine, la kunilaumu au la kunisamehe, lolote. Baada ya muda akanyoosha mkono kuomba patasi, nikampa, tukafanya kazi mpaka saa nne.